Kuna Makaa na Makaa: Kunasa Sumu za Mashamba katika Maji ya Kano

Ukichemsha maji ya mto Nyando kwenye nyanda za Kano, magharibi mwa Kenya, vijidudu vitakufa, lakini dawa ya magugu iliyosombwa na mvua kutoka kwenye miwa ya Muhoroni au mpunga wa Ahero kwa kawaida itabaki sufuriani. Klorini nayo haiimalizi. Tena ikikutana na klopirifosi, dawa ya wadudu, huigeuza kuwa kitu chenye sumu kali zaidi.

Athari za dawa hizi ziwani, unakoishia mto huo, zimepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani na wenzao wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe walichapisha matokeo kutoka sehemu 48 za upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Viuatilifu huwaumiza wadudu wa majini wanaogombea chakula na konokono, na konokono wanaoeneza kichocho, ambao huistahimili sumu hiyo, wanabaki na uwanja wao.

Kano haikosi malighafi ya kuyasafisha maji: pumba za mpunga, makapi ya miwa, magugu maji yanayosongamana ufuoni Dunga. Choma chochote kati ya hivi kwa hewa haba na utapata makaa yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ambamo sumu hunata maji yanapopita. Wengi wakishasikia hivyo hukimbilia gunia la makaa ya kupikia. Hapo ndipo kazi inapoharibika.

Siri iko kwenye joto. Mhandisi Mmarekani Josh Kearns, aliyefanya kazi na vijiji vya Thailand, alilinganisha makaa ya matanuru ya kienyeji na yale ya pipa la kuzalisha gesi, linalowashwa kutoka juu huku hewa ikipanda kutoka chini. Matokeo yake ya mwaka 2014 yalihusu 2,4-D, dawa ya magugu ambayo wakulima wa miwa na mahindi wanaijua. Makaa yaliyofikia nyuzi 900 hivi yaliikaribia kaboni ya kiwandani ya kusafishia maji. Yale ya tanuru la kawaida, linaloishia nyuzi 400 au 500, yaliachwa mbali sana. Joto dogo huacha lami ndani ya vitundu, na kitundu kilichoziba hakinasi kitu. Jaribio la haraka halihitaji maabara: yasugue makaa kiganjani, kisha nawa kwa maji matupu. Yakitoka yote, joto lilitosha. Ukiachwa na utelezi wa mafuta, yarudishe motoni.

Malighafi nazo hazilingani. Pumba za mpunga zina silika nyingi, kwa hiyo kilo moja ya makaa yake ina kaboni kidogo kuliko ya makapi ya miwa. Sumu pia hutofautiana. Klopirifosi haiyeyuki sana majini, hivyo hunata upesi. Heksazinoni, inayotumika kwenye miwa, huyeyuka kwa wingi na hupenya kirahisi. Hiyo inadai makaa mengi na maji yapite polepole.

Halafu kuna tope. Maji ya Nyando wakati wa masika hubeba udongo na mabaki ya majani yaliyooza, na hayo huviwahi vitundu kabla ya sumu kufika. Kwa hiyo maji yatuame kwanza, yapite kwenye mchanga, ndipo yaingie kwenye makaa yaliyopondwa punje ndogo. Klorini, hata ile ya WaterGuard iliyozoeleka majumbani, itiwe mwisho kabisa: ikitangulia, makaa yataila yote na vijidudu vitapita salama.

Makaa yaliyoshiba sumu yasirudi jikoni wala yasimwagwe kwenye sukuma wiki. Mradi usiopanga mapema yatakakopelekwa haujakamilika, hata maji yake yawe meupe namna gani. Na weupe wenyewe usimdanganye mtu. Mbegu za mlonge hung'arisha maji kwa kuutuamisha udongo, lakini sumu iliyoyeyuka haiondoki kwa njia hiyo.

Vipimo vingi vya makaa ya aina hii hufanywa kwa maji safi ya maabara yaliyotiwa dawa moja tu. Ombi langu kwa wanakemia wa vyuo vikuu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo ni hili: yapimeni makaa ya pumba za Ahero na ya makapi ya miwa ya Chemelil kwa maji ya Nyando yenyewe, tena ya Aprili, yakiwa na tope lake lote, kisha waambieni akina mama wanaoyachota ni lita ngapi zinapita kabla makaa hayajachoka.