Waridi Lisilokatwa Kichwa

Kochi lilishushwa kwenye guta asubuhi, pale Keko, na wapita njia wakageuza shingo. Mawaridi mekundu makubwa kama sahani, juu ya kitambaa cheusi. Miguu ya mninga. Mwenyewe alitaka livuliwe, livalishwe kijivu. Ndiyo rangi ya siku hizi, alisema. Fundi mzee hakumjibu. Alipitisha kiganja kwenye mshono, kisha akaniita, "Mwanangu, njoo uone kazi ya mtu."

Nikainama. Waridi lililoanzia kwenye egemeo lilishuka, likavuka mshono, likamalizikia kwenye kikalio bila kupishana hata unene wa uzi. Kila mto ulibeba ua moja, katikati kabisa. Kupata hivyo lazima ukubali hasara ya kitambaa, kwani unakata kwa kulifuata ua. Siku hizi tunabana mita: kichwa cha waridi huku, shina kule, na mteja analipa bila kuuliza.

Vitambaa vya pamba vya maua kama hayo asili yake ni India. Waingereza walivihofia hadi sheria yao ya 1721 ikakataza kuvivaa, hata kuvalishia samani, maana wafumaji wao wa sufu na hariri walikuwa wakilia njaa. Ilipofutwa mwaka 1774, maua yakarudi sebuleni na kiburi chake.

Kiburi hicho nakijua. Sebule ya mama ilikuwa na kuta za kijani cha kasuku, mapazia ya manjano, na kochi la maua ya zambarau lililotandikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Watoto tulikaa mkekani; kochi lilikuwa la wageni na la Idi. Siku moja, nikiwa na homa, nililala pale kwa kuiba, nikawa nayahesabu maua mpaka usingizi ukanichukua. Mama aliponikuta hakunifukuza. Aliingiza khanga chini ya kichwa changu, taratibu, jasho lisifike kwenye ua.

Chini ya mawaridi ya Keko fundi alikuta usumba na magunia yaliyoshonwa kwa mkono, na springi ambazo bado zilikuwa zinaruka. Vyote akavitoa, kwa kuwa mteja alikuja na sponji yake. Kufika alasiri kochi lilikuwa la kijivu, limepakiwa, limeondoka. Ua moja zima fundi alilikata pembeni, akalivalisha kwenye kigoda anachokalia akifanya kazi.