Hifadhi au Usihifadhi: Sarufi ya Ujumbe wa Tahadhari katika Programu za Kuandikia

Mjadala wa namna ya kumfanya mtumiaji autambue ujumbe wa tahadhari katika programu za kuandikia umezoea kuongozwa na wasanifu, na hoja zao ni za macho: rangi, ukubwa wa herufi, mahali kisanduku kinapojitokeza kwenye skrini. Kiswahili huitwa mwishoni, kama nguo inayovishwa mwili uliokwisha kuumbwa. Makala haya yanapinga utaratibu huo. Ujumbe unaweza kuwa mwekundu, mkubwa na katikati ya skrini, na bado usionekane, kwa sababu tofauti iliyopaswa kuonekana imefichwa na sarufi.

Mfano ulio wazi ni kisanduku kinachojitokeza mtumiaji anapofunga hati yenye mabadiliko yasiyohifadhiwa. Tafsiri iliyozoeleka huleta vitufe vitatu: "Hifadhi", "Usihifadhi" na "Ghairi". Jicho la mtu mwenye haraka hushika mzizi wa neno, na mzizi wa vitufe viwili vya kwanza ni mmoja. Kinachotenganisha kazi iliyookolewa na kazi iliyopotea ni silabi mbili za mwanzo. Vitenzi vya asili ya Kibantu hukanushwa kwa alama mbili: "weka" huwa "usiweke", kiambishi mwanzoni na irabu mwishoni. "Hifadhi" ina asili ya Kiarabu, hivyo mwisho wake haubadiliki. Ukanushi wote umebebwa na "usi-" peke yake. Mzungumzaji wa Kirundi, ambaye "bika" yake hugeuka "ntubike", amezoea kupata ishara pande zote mbili za kitenzi. Mbele ya "usihifadhi" anapata moja tu. Neno ni sanifu, lina heshima zake katika kamusi, lakini halikuteuliwa kwa kazi ya kusomwa katika sekunde moja.

Kasoro hii ina historia. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya programu zake katika miaka hiyohiyo. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa na hayastahili kubezwa. Hata hivyo, kazi ya namna hiyo kwa kawaida huanza na orodha ya istilahi, na orodha ya istilahi humfundisha mfasiri kufikiri kwa neno mojamoja. Ujumbe wa tahadhari ni usemi: una anayeuliza, anayeulizwa, na jambo linaloweza kuharibika.

Upungufu huo hujitokeza vibaya zaidi katika maswali kanushi. Programu ikiuliza, "Je, hutaki kuhifadhi mabadiliko?" na kutoa "Ndiyo" na "Hapana", Mswahili anayejibu "Ndiyo" amekubali kwamba hataki. Mwenye kufikiri kwa Kiingereza atajibu "Hapana" kwa nia hiyohiyo. Mtumiaji aliyesoma kwa lugha zote mbili, na hao ndio wengi katika ofisi za Afrika Mashariki, hana njia ya kujua programu inafuata mantiki ya lugha ipi. Hakuna rangi inayoweza kuondoa utata huo.

Bujumbura inalifanya suala hili kuwa gumu zaidi, na kwa hiyo lenye manufaa zaidi kwa utafiti. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili, kilichokuwa tangu zamani lugha ya mitaa kama Buyenzi, kimepata nafasi darasani. Kompyuta za ofisini, lakini, zimekulia katika Kifaransa, kuanzia kibodi hadi menyu. Katika Kifaransa cha programu hizi, neno "Annuler" hufanya kazi mbili: kwenye menyu hufuta kitendo cha mwisho, na kwenye kisanduku humrudisha mtumiaji kwenye hati bila kubadilisha chochote. Kiswahili kimezitenganisha kazi hizo kwa "Tendua" na "Ghairi", na hapa kimeishinda lugha iliyokitangulia mezani. Ushindi huo hauna faida iwapo mtumiaji aliyelelewa na "Annuler" anaiona "Ghairi" na kuhofia kwamba maandishi yake yatafutwa.

Tahadhari pia hufa kwa wingi. Aandikaye Kiswahili huku programu ikidhani anaandika Kifaransa huona ukurasa mzima umepigiwa mistari myekundu. Baada ya wiki moja hauoni tena wekundu huo, hata unapoonyesha kosa la kweli. (Akiwasha kamusi ya Kiswahili katika LibreOffice, atagundua kuwa imetambulishwa kuwa Kiswahili cha Tanzania. Si kosa kubwa, ila mkazi wa Buyenzi ana haki ya kutabasamu.)

Kinachopendekezwa hapa ni kuacha kukanusha. Kitufe cha pili kisomeke "Tupa mabadiliko" na cha tatu "Rudi kwenye hati", ili kila kitufe kiwe na kitenzi chake na kitaje matokeo yake. Itasemwa kuwa "tupa" ni neno kali. Ukali huo ndio unaohitajika, kwa sababu kitendo chenyewe ni cha kutupa. Pingamizi la urefu wa vitufe lina uzito kidogo kwenye simu. Kwenye kompyuta nafasi ipo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza ya taifa kama BAKITA, ingefaa ipanue kazi ya usanifishaji kutoka istilahi hadi sentensi kamili za tahadhari, na isiidhinishe sentensi yoyote kabla haijajaribiwa. Majaribio hayo hayadai maabara: kompyuta moja, hati moja yenye mabadiliko, na watumiaji wa Buyenzi, Bwiza na Chuo Kikuu cha Burundi wanaoombwa kuifunga kwa haraka.