Kuhesabu Kimya

Ukienda kusikiliza bendi ya watoto, usihangaike kumtazama wa tarumbeta. Huyo utamsikia upende usipende. Mtafute aliyesimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, matoazi mawili yamening'inia mikononi. Midomo yake inachezacheza. Ungekuwa karibu naye ungemsikia ananong'ona: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne. Namba ya mwanzo ndiyo inayobeba hesabu ya vipimo, zilizobaki zinafuata mapigo. Kwenye karatasi yake kuna mstari mnene uliolala, na juu yake imeandikwa 32. Maana yake akae kimya vipimo thelathini na viwili, kisha apige. Mara moja tu. Akiwahi, ukumbi mzima utajua ni nani. Akichelewa, kilele cha wimbo kimeshampita.

Ana miaka kumi na miwili. Jaribu kumwambia mtoto wa umri huo asubiri chakula kiive.

Bendi ninayoisifu hapa ni ile ya shule za kati za Texas, darasa la sita hadi la nane. Houston na Dallas zina familia nyingi za Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, na wengi wetu bendi ya shule tumeijulia kwa watoto. Mtoto anarudi nyumbani na fomu: achague kwaya, uchoraji au bendi. Mzazi anaangalia kwanza bei ya kukodi klarineti, kisha anauliza kama mambo haya yana mtihani. Wanaotoka katika familia za kwaya wana akiba wasiyoijua. Wamekua wakisikia sauti nne zikifundishwa kwa solfa, kila sauti peke yake, halafu zikiunganishwa, kwa hiyo masikio yao yameshazoea kwamba wimbo mmoja una njia nyingi.

Miezi ya mwanzo haisikiliziki. Katika shule nyingi za huko wanaoanza hufundishwa kwa makundi, klarineti peke yao, tromboni peke yao, na wiki za kwanza hawapewi hata ala nzima. Wa klarineti anapewa kipande cha mdomoni na ulimi wake mwembamba wa tete. Ulimi ule lazima aulowanishe kwanza kwa mate, aufunge vizuri ncha isizidi wala isipungue, mdomo wa chini aukunje kidogo juu ya meno, ya juu yakae palepale, halafu apulize bila kuvimbisha mashavu. Kinachotoka ni sauti ya bata, na mbele ya mwalimu wamo bata ishirini. Huyo mwalimu ndiye fundi wa kwanza wa hadithi hii. Katika bata ishirini anamsikia mmoja aliyefunga ulimi upande, anamwendea, anaugeuza kwa kidole gumba, anaendelea na somo. Nimewaona mafundi cherehani wenye jicho la namna hiyo kwa mshono, lakini mshono hauhami ukiutazama.

Baadaye makundi yanakutanishwa, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Mwalimu anataka sauti moja ya pamoja, ile ya B-flati. Wa filimbi anaisoma B-flati kweli. Wa tarumbeta na wa klarineti, kwenye karatasi zao, sauti hiyohiyo ni C. Kwa saksafoni ya alto ni G, kwa honi ni F. Kila mmoja anashika vidole vyake na kusoma noti yake, na sauti inayotoka ni moja. Au ingekuwa moja, kama wote wangesikilizana. Ikipishana kidogo tu, hewa ukumbini inatikisika, unasikia mawimbi wa-wa-wa-wa, na mwalimu hasemi kitu. Anangoja. Mmoja anasogeza bomba la kurekebishia, mwingine analegeza midomo, mawimbi yanapungua kasi mpaka yanakwisha. Hakuna aliyeambiwa kwamba kosa ni lake.

Hilo la kusikiliza mwenzako ukiwa wewe mwenyewe unapuliza ni gumu kuliko vidole. Vidole vitajifunza nyumbani, chumbani, mbele ya kioo. Sikio halifundishiki ukiwa peke yako.

Mpango huu wa bendi za shule una historia, na si ya upole sana. John Philip Sousa aliongoza bendi ya wanamaji wa Marekani tangu 1880 hadi 1892, kisha akazunguka nchi na bendi yake mwenyewe, na miji ikaambukizwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wapigaji wengi waliotoka jeshini waliingia mashuleni kufundisha. Mwaka 1923 Chicago ilifanya mashindano ya kwanza ya kitaifa ya bendi za shule, na nyuma yake walikuwepo watengenezaji wa ala. Walitaka wateja, watoto wakapata somo. Siwalaumu. Watu wa Pwani nao wanajua bendi ya jeshi inavyoweza kugeuzwa jambo la watu. Mombasa na Lamu zilikuwa na ngoma ya beni tangu miaka ya 1890, na huko Tanganyika vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, vyeo na gwaride hadi bara. Tofauti ni kwamba beni ilijifundisha mtaani, na hakuna aliyeandikiwa alama.

Shemeji yangu, baba wa yule wa matoazi, ambaye ni mpwa wangu, hakuridhika na onyesho la kwanza. Tulipokuwa tunatoka aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa kaka, huyu muda wote ule alikuwa anafanya nini?" Mtoto akasikia. "Nilikuwa nahesabu, Baba." Alijibu kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeambiwa hakwenda kazini. Mimi namuunga mkono mtoto. Kupiga kunaonekana, lakini kazi kubwa ilikuwa kule kubaki ndani ya wimbo bila kutoa sauti, kujua saa zote wenzake wamefika wapi, kutodanganywa na ngoma kubwa inapobadili mwendo. Aliyeacha kuhesabu si mpigaji aliyepumzika. Ametoka ukumbini, viatu tu ndivyo vimebaki.

Anayetaka kuona ufundi huu ukiwa wazi aende siku ya tathmini za UIL, chombo kinachosimamia mashindano ya shule za Texas. Bendi ikishapiga nyimbo ilizoandaa jukwaani, inapelekwa chumba kingine, inapewa wimbo ambao haijawahi kuuona. Mwalimu ana dakika chache za kuueleza, na katika dakika hizo hakuna anayeruhusiwa kupuliza. Basi watoto wanaupiga bila kuupiga. Vidole vinabonyeza vali, mirija ya tromboni inatelezeshwa, vinywa vinatamka mapigo, wengine wanaimba. Mwalimu anaonyesha mahali mwendo unapobadilika, mahali pa kuangalia mkono wake. Muda ukiisha ananyamaza, anainua kijiti, na bendi inaanza.

Makosa yatakuwepo. Honi zitapotea, kwa kawaida ndizo za kwanza kupotea, na klarineti za tatu zitakuwa na wasiwasi. Lakini mwenye hesabu hasimami. Ananyoosha kidole kwenye karatasi ya jirani yake, hapa, kipimo cha ishirini na tano, na jirani anavuta pumzi na kuingia.