Lakshmi na Daftari la Hesabu

Msemo wa pwani, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa", umefika hata Matembwe, mahali pasipo na hekalu la Kihindu. (Baniani lilikuwa jina la watu wa biashara; sisi tumelifanya jina la dini nzima.) Miungu yenyewe wengi huiona kwenye kalenda za dukani tu: mama mwenye mikono minne juu ya ua la yungiyungi, sarafu zikimiminika kiganjani mwake, au Ganesha mwenye kichwa cha tembo, panya miguuni pake. Watu hucheka, hununua misumari, huondoka.

Upo usomaji mwingine, wenye adabu zaidi, usemao kwamba miungu hii ni alama tu za maisha ya ndani: masikio makubwa ni usikivu, panya ni tamaa iliyotiishwa. Tafsiri hizo hutolewa na Wahindu wenyewe, wala hatuzidharau. Lakini aishiaye hapo amegeuza ibada ya watu kuwa fumbo la kujifariji. Katika Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, si mbali na Kanisa Kuu la Azania Front, mtu aletaye maua hekaluni halipelekei fumbo maua yake. Anakwenda kumwona mungu wake, na kuonwa naye.

Wafanyabiashara wa Kigujarati, wakati wa Divali, huweka madaftari mapya ya hesabu mbele ya Lakshmi na Ganesha, wakayaombea mwaka mzima. Hapa ndipo alama hii inapotugusa. Luther, akieleza Amri ya Kwanza katika Katekisimo Kubwa ya 1529, hakuanza na sanamu za mawe. Alianza na Mamoni, yaani fedha na mali ambazo moyo huzitegemea. Hatusemi kwamba Lakshmi ni Kristo kwa jina lingine, hilo twalikataa. Twasema kwamba Mhindu huyo haoni haya kukiri mbele ya nani mali yake imewekwa, ilhali madaftari yetu ya chai ya Lupembe na mbao za Njombe hatuyaleti madhabahuni ila siku ya mavuno, tena kwa sehemu.

Mlutheri wa kwanza kuzisoma alama hizi kwa bidii alikuwa Bartholomäus Ziegenbalg, aliyefika Tranquebar, India, mwaka 1706. Alijifunza Kitamili, akawauliza wenyeji habari za miungu yao, akasoma vitabu vyao. Mwaka 1713 alimaliza kitabu juu ya nasaba ya miungu hiyo. Ibada yao aliiita ya sanamu, bila kuficha. Hata hivyo aliandika kwamba watu wale walijua habari za Mungu mmoja aliye juu ya yote. Alipopeleka kazi hiyo Halle, Francke alikataa kuichapisha, kwa kuwa wamisionari walitumwa kuung'oa upagani, si kuueneza Ulaya. Ziegenbalg akafa mwaka 1719. Kitabu chake kilichapishwa Madras mwaka 1867.