Supa Modo: Shujaa Wetu ni Binti wa Miaka Tisa

Jamani, Supa Modo! Nimemaliza kuitazama filamu hii hapa Mandewa, Singida, na bado sijatulia. Najua ni ya mwaka 2018, najua Wakenya walishaishangilia zamani na kuichagua iwawakilishe kwenye Oscar. Kwangu ni mpya kabisa, na kesho ni mbali mno kwa habari kama hii.

Jo ana miaka tisa na ugonjwa usiopona. Mama anamrudisha kijijini Maweni amalizie siku zake nyumbani. Lakini ndotoni Jo ni shujaa wa sinema, anapaa angani, hakamatiki! Dada yake, Mwix, anaapa kuifanya ndoto hiyo iwe kweli, kwa hila ikibidi, na polepole kijiji kizima kinaingia kwenye njama. Kuna pale Jo anaposimamisha muda: watu wazima na heshima zao wanaganda kama sanamu ili tu mtoto aamini ana nguvu. Nilicheka huku nalia, aisee, na sioni aibu kusema.

Februari ileile Supa Modo ilipooneshwa kwa mara ya kwanza kule Berlin, dunia nzima ilikuwa inapanga foleni kuona Black Panther. Nami niliipenda, tena Lupita wetu yumo! Ila Wakanda ni ya wafalme, na wanaongea Kixhosa. Maweni wanaongea Kiswahili na Kikikuyu, na shujaa hana kiti cha enzi wala misuli. Ni mtoto wa kike, mgonjwa, kichwa hakina nywele, na mdomo wake una utani mwingi kuliko wetu sote. Sinema zimetuzoesha kumwona mtoto wa namna hii akilala kitandani tumwonee huruma. Huyu anatuchekesha! Stycie Waweru anamwigiza Jo kana kwamba kamera haipo.

Nilikuwa na wasiwasi, kwa kuwa mradi huu ulishirikisha One Fine Day Films ya Mjerumani Tom Tykwer, na fedha za nje mara nyingi huja na hadithi za kutusikitikia. Mwongozaji Likarion Wainaina hakuingia mtego huo. Mtazameni Mike, mwenye kibanda cha video anayetafsiri filamu kwa mbwembwe. Aliyekulia vibanda umiza enzi za Lufufu, yule mtafsiri wetu wa filamu, atamtambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Hatimaye kijiji kinaamua kutengeneza filamu yake chenyewe, Jo akiwa nyota, na hapo ndipo nilipoinuka kwenye kiti.

Kasoro zipo. Katikati inapoa kidogo, na muziki wakati mwingine unatusukuma tulie wakati tulishaanza wenyewe. Sheng, lugha ya mtaani ya Wakenya, nayo itawapita baadhi ya Wanyaturu wenzangu, ingawa wanapozungumza Kiswahili cha kawaida hakuna haja ya mtafsiri.

Mwisho siusemi, hata mkinibembeleza.

Wenye vibanda wa Singida, nawaomba: usiku mmoja tu, wekeni kando zile za kung fu mtuoneshe hii. Ni dakika 74, haifikii hata mechi moja ya mpira. Watoto wakae mbele, na wa kike wapewe viti vya kwanza.