Kusimama Ukingoni Ndundu

Ndundu hakuna mwamba. Anayetaka kuvua akiwa juu ya jiwe, mawimbi yakipasuka chini ya miguu yake, aendelee na safari kusini hadi Kilwa, ambako matumbawe ya kale yamegeuka mawe. Hapa mto Rufiji una tope na mchanga, na kingo zake hubomoka. Hata hivyo uvuvi wa mshipi wa nchi kavu upo, na mimi nauheshimu kuliko ule wa mwambani.

Abiria wa mabasi ya Lindi na Mtwara hawauoni. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, karibu mita 970 za zege, basi huvuka mto kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa. Zamani palikuwa na pantoni, na masika yakizidi watu walilala ukingoni wakingoja maji yapungue. Naamini waliolala pale waliujua mto kuliko sisi tunaopita juu yake.

Mzee niliyemkuta asubuhi moja alikuwa na mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kijiti, ndoana mbili, na plagi kuukuu ya pikipiki aliyoifanya chubwi. Chambo chake kilikuwa nyungunyungu ndani ya kopo la maziwa lenye udongo mbichi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa huko nyuma."

Hakunifukuza. Rufiji ni mto wa mamba, na mamba hujifunza mazoea ya mtu: anapochota maji, anaponawa, saa anayorudi. Mzee alisimama hatua kadhaa kutoka majini, akanawa mikono kwa maji ya kidumu alichotoka nacho nyumbani, na kila baada ya muda akahama kidogo. Sikuwa nimefikiri kwamba kuhama huko nako ni sehemu ya ufundi.

Kabla ya kutupa ndoana alitembea ukingoni karibu nusu saa, akiyatazama maji tu. Alikuwa akitafuta mahali ambapo mkondo mkali unapakana na maji mazito. Samaki hapendi kupoteza nguvu. Hujibanza kwenye maji yaliyotulia, nyuma ya gogo lililozama au chini ya ukingo uliomegwa, akingoja mkondo umletee chakula. Povu humwonyesha mvuvi mpaka huo. Likienda moja kwa moja, hapo hapana kitu, na likizunguka na kurudi nyuma, hapo pa kusimama.

Mto ukikata kona, ukingo wa nje huliwa na kuwa na kina, na ule wa ndani hurundikiwa mchanga. Kila masika kona husogea. Kwa hiyo mvuvi wa Ndundu hawezi kumrithisha mwanawe mahali. Kilwa babu anaweza kumwonyesha mjukuu jiwe lake, akamwambia simama hapa maji yakianza kujaa, na jiwe litakuwepo miaka mingi baada ya mazishi yake. Mjukuu akijua tu siku za bamvua na za maji mafu, nusu ya kazi imekwisha. Huku nilimwuliza mzee kama ana mahali pake pa siku zote. Akanyoosha kidole katikati ya mto.

"Nilipokaa mwaka jana, sasa wanakaa samaki."

Alizungusha chubwi mara tatu kando ya bega, akaliachia. Lilitua juu zaidi ya mahali alipopakusudia, kwa sababu mkondo ungelisukuma chini likiwa bado linazama. Kisha akaulaza mshipi juu ya kidole cha shahada, akanyamaza. Nilijaribu baadaye kuushika mimi. Niliona kila kitu kinagusa: jani, mkondo, mchanga unaoviringika. Kidole chake yeye kilikuwa kinasoma. Perege hudonoa haraka haraka, na ukivuta papo hapo unabaki na ndoana tupu. Kambale humeza na kuondoka taratibu kama mtu aliyebeba gunia, huyo unamwachia kidogo ndipo umkaze. Ngogo ukimvuta utamsikia akilia, na ole wako ukimshika ovyo, maana miiba yake husimama na kujifunga. Mzee alimbana nyuma ya kichwa kwa kipande cha gunia, akamtoa ndoana bila haraka.

Kuna na yule wa meno ya nje, mwenye kukata nailoni kama wembe. Huyu wa Rufiji ni wa spishi iliyopewa jina la nchi yetu mwaka 1986, Hydrocynus tanzaniae. Anayemtaka hutanguliza waya mwembamba mbele ya ndoana. Mzee hakuwa na waya, na ndoana yake moja ilikwenda hivyo hivyo. Aliutazama uzi uliokatika, akafunga nyingine.

Saa mbili nzima zilipita bila kitu. Kijana mmoja aliyekuwa juu yetu alikuwa ameshatoa perege wanne, akatupungia mkono. Nikamwambia mzee kwamba mwenzake ana bahati.

"Kupata ni riziki," akasema. "Kukaa pasipo na samaki, huo ni uvivu. Twende."

Tukahama, hatua arobaini hivi, mahali ambapo mimi nisingepaona tofauti na tulipotoka.

Maneno yake nimeyafikiria sana. Alikuwa ameigawa kazi sehemu mbili na mpaka wake anaujua. Mahali, saa, chambo, urefu wa uzi, hayo ni yake na hamsingizii mtu. Samaki kufungua kinywa si yake, na kwa hilo hanung'uniki. Sisi wengine huchanganya, tukaita bahati mbaya kile ambacho hatukukitazama vizuri.

Lakini kitabu anachokisoma kinaandikwa upya. Zamani mafuriko ya masika ndiyo yaliyopanga kila kitu bondeni: maji yakipanda, mto huungana na maziwa kama Ruwe, Utunge na Zumbi, kambale wakaenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa, na maji yakishuka watu wakapanda mazao ya mlau kwenye udongo mbichi huku wavuvi wakingoja samaki kwenye milango ya kurudi mtoni. Tarehe 22 Desemba 2022 ujazaji wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza huko juu, kwenye mradi wa megawati 2,115. Nchi inahitaji umeme huo. Bwawa vilevile hushika tope lililokuwa likishuka, na kiasi cha maji kinachofika chini sasa kinategemea pia mkono wa mtu. Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliwakumba watu wa Rufiji na Kibiti, wakapoteza nyumba na mashamba.

Mzee hakulalamika. Alisema tu kwamba siku hizi hupanda kijiti ukingoni jioni, na alfajiri hutazama kwanza maji yamefika wapi kwenye kijiti kabla ya kutazama mawingu.

Tuliondoka jua likiwa la utosi: ngogo wawili, perege mmoja, na kambale wa urefu wa mkono aliyekuja mahali pale pa pili. Wanaofungua na kufunga maji huko juu wana ratiba. Naomba iwe inafika na ukingoni Ndundu, mapema, kwa lugha ambayo mtu mwenye kijiti anaweza kuitumia.