Mhamiaji Asiyeimbwa: Kampala katika Nyimbo za Okot p'Bitek

Tangu Song of Lawino ilipochapishwa mwaka 1966, na hata baada ya Paul Sozigwa kuitafsiri kwa jina la Wimbo wa Lawino mwaka 1975, wahakiki wengi wameisoma kama mgogoro kati ya mila na usasa. Usomaji huo una mashiko, lakini umezaa dhana isiyohojiwa vya kutosha: kwamba auelekeaye mji huacha utu wake nyuma. Ocol, msomi wa Makerere, amefanywa kielelezo cha mtu aliyeharibiwa na mji, ilhali ndani ya shairi kilichombadilisha ni shule, kanisa na siasa za vyama. Kwa nini mtu asiye na shahada huhama Acholi kwenda Kampala, shairi halisemi.

Swali hilo lilishughulikiwa na watafiti wa zama zilezile. Katika Migrants and Proletarians (1960), Walter Elkan alionyesha kwamba wafanyakazi wengi walifuata mshahara mjini bila kuliachilia shamba, kwa kuwa ardhi ya nyumbani ndiyo iliyokuwa kinga yao ya uzeeni. David Parkin naye, aliyechunguza mitaa ya Nakawa na Naguru, mashariki mwa Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wahamiaji wa makabila mengi, wakiwemo Waluo na Waluhya kutoka Kenya, wakiishi mlango kwa mlango. Hapo kuchagua Kiswahili, Kiganda au Kiingereza kulikuwa pia kuchagua namna ya kuhusiana na jirani. Mhamiaji huyo alibadilika, ila kwa kujiongezea: makazi ya pili na lugha nyingine.

Jirani huyo hasikiki katika nyimbo za Okot. Song of Prisoner humpa maskini sauti akiwa tayari kifungoni. Katika Song of Malaya, iliyotoka pamoja nayo mwaka 1971, neno la Kiswahili limeachwa ndani ya anwani ya Kiingereza kumtaja mwanamke wa mjini. Anwani hiyo inaoana na mtazamo uliokwisha kuenea Uganda, uliokihusisha Kiswahili na kambi za jeshi, polisi na mitaa ya wageni. Ustadi wa Okot ni kwamba malaya wake anajitetea na kuikataa aibu. Mpangaji, mchuuzi na kibarua hawakupewa utetezi wa namna hiyo.

Pengo hilo linagusa sera. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kiwe somo la lazima shuleni. Sera inayokitazama kama somo tu hukisahau kilipokwisha kuishi. Nyumba za Nakawa na Naguru zilibomolewa mwaka 2011, wakazi wakatawanyika, na ujirani uliowakutanisha wasemaji wa lugha mbalimbali ukavunjika. Kabla ya kuagiza vitabu, washauri wa sera wangefaidika kuuliza Kiswahili kinasemwa wapi Kampala leo, na nani, na kwa haja gani. Wahakiki nao wana deni la kumsoma Lawino bila kumhukumu kila aliyepanda basi kwenda mjini kuwa Ocol.